Wananiacha mlimani

SWALI: Shangazi, nimejiunga na klabu ya baiskeli. Kila Jumapili tunazunguka mashambani, lakini mlima wa kwanza tu wenzangu wananiacha. Nijitoe?

JIBU: Usijitoe, mwanangu. Nami niliachwa hivyo hivyo miezi mitatu. Badili gia kabla mlima haujakukaza. Mnyororo ukishabanwa na uzito wako hukataa kuhama, unasikia tu ukikwaruza. Kwenye tambarare jifiche nyuma ya mwenzako akukatie upepo, ila gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa lake la nyuma. Kula kabla ya njaa.

Na zungumza na kiongozi. Wanaokusubiri kileleni wameshapumzika. Ukifika tu, wanaondoka. Mwombe na wewe upewe dakika zako za kupumua.