Nina Jumapili Moja Lyon, Niikimbilie Paris?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni bwana shamba huku Uyole, Mbeya. Mwezi wa sita nimealikwa mafunzo Lyon, Ufaransa, kila kitu wanalipa wao ila Jumapili ndo siku pekee sina ratiba. Wenzangu ofisini wananiambia nipande treni niwahi Paris nikapige picha na mnara wa Eiffel, eti ni masaa mawili tu, wengine wanasema nibaki hapohapo. Nje ya nchi sijawahi kwenda zaidi ya kuvuka Tunduma, na hela ya mfukoni ni ya kuhesabu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Baki Lyon. Wenzako hawajakudanganya, TGV, treni yao ya mwendo kasi, kweli inatumia kama masaa mawili, lakini tiketi ukinunua dakika za mwisho inauma, halafu piga hesabu ya kwenda na kurudi, masaa manne yameishia kwenye siti, ukifika kule foleni ya mnara nayo ina mambo yake, utarudi na selfi moja na miguu imevimba. Na Lyon sio mji wa kupitia tu bana. Warumi waliuanzisha mwaka 43 kabla ya Kristo, na eneo kubwa la katikati UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia tangu 1998.

Mji una mito miwili, Rhône na Saône, na vilima viwili. Fourvière wenyewe wanakiita kilima kinachosali, Croix-Rousse kilima kinachofanya kazi. Ratiba yako ndo hiyo, asubuhi kinachosali, mchana kinachofanya kazi, vingine achana navyo.

Toka mapema, nunua tiketi ya siku nzima, hiyohiyo unapandia metro, basi, tramu na vitreni vya mlimani. Metro ya laini D haina dereva, usije kushtuka ukikaa mbele ukaona hakuna mtu. Shuka kituo cha Vieux Lyon, hapohapo panda kitreni kinachovutwa kwa kamba hadi Fourvière. Juu kuna basilika walilolianza 1872, kuingia bure, ndani mozaiki na dhahabu kila kona, wengi wanalisifia, mimi naona mapambo yalizidi. Utamu uko nje, pale pembeni ya basilika, mapaa yote ya mji yako chini yako na hewa ikiwa safi unauona mlima Mont Blanc kwa mbali. Jumapili kuna misa so simu weka kimya. Ukitoka hapo tembea kidogo uone magofu ya tieta ya Warumi, mawe ya miaka elfu mbili na watu wamejikalia juu yake wanakula mikate yao, nayo bure. Kushuka nenda kwa miguu, mtu wa Mbeya akiogopa mteremko tutashangaa.

Chini ni mji mkongwe, na kitu cha kutafuta ni traboule, yaani njia zinazopita ndani ya nyumba: unasukuma mlango mtaa huu, korido, ua, ngazi, korido tena, unatokea mtaa wa pili. Ndefu kuliko zote hapo unaingilia namba 54 rue Saint-Jean unatokea namba 27 rue du Bœuf. Asubuhi ndo una bahati ya kukuta milango wazi. Ila ni kwa watu, wanaishi mle, pita kimyakimya.

Msosi sasa. Migahawa ya kienyeji inaitwa bouchon, mingi Jumapili inafunga, na jiko la Mfaransa likifungwa saa nane mchana limefungwa, usiende saa tisa ukategemea mtu akukaangie chipsi. Ukiikuta iliyo wazi kula tablier de sapeur, ni utumbo wa ng'ombe umevingirishwa kwenye chenga za mkate ukakaangwa, wewe wa supu ya utumbo hautakushinda. Andouillette ni soseji ya utumbo pia, mara nyingi wa nguruwe, kama kitimoto hutumii ulizia kwanza. Maji ya jagi ni bure, sema "carafe d'eau", la sivyo unaletewa chupa ya kulipia. Hela ikibana vuka daraja uende soko la Saint-Antoine kando ya Saône, Jumapili asubuhi lipo, nunua mkate, jibini na cheri, kaa mtoni ule.

Mchana panda metro C hadi Croix-Rousse. Huku ndo walikokaa wafumaji wa hariri, wanaitwa canuts, na nyumba zao zina dari juu sana sababu mashine ya kufumia ya Jacquard ilikuwa ndefu, isingeingia kwenye chumba cha kawaida. Mwaka 1831 waliandamana wakauteka mji, kisa bei: walitaka kima cha chini cha malipo kwa kazi ya kufuma, wafanyabiashara wakagoma. Wewe unayeshinda na wakulima wa kahawa na pareto hiyo stori hutahitaji kufafanuliwa. Tafuta Mur des Canuts, ukuta mzima wa ghorofa umechorwa mtaa na ngazi mpaka unataka kupanda, kisha shuka taratibu kwa miguu upitie Cour des Voraces, ua lenye ngazi la wafumaji wenyewe.

Watakutajia pia bustani ya Tête d'Or, ni nzuri na ni bure, ila kama wanakupeleka kuona twiga, twiga si wako Ruaha hapo? Nenda ukakae tu kivulini. Mwezi wa sita jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, muda unao.

SWALI: Anti hujambo, niko Mafinga. Binti yangu anasoma hukohuko Lyon, nikimtembelea yeye mchana yuko darasani nabaki peke yangu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, Kifaransa ndo kabisa. Nisitoke?

JIBU: Shikamoo mama. Toka tu. Ukiingia duka lolote anza na "bonjour" kabla hujauliza kitu, ukiruka salamu wananuna na wala hawakufichi. Anwani ya anakoishi binti iandike kwenye karatasi, simu huzima chaji, na ramani uidownload kabla ya kutoka. Dharura piga 112. Saa zao zinahesabiwa mpaka 24, so binti akiandika 18h maana yake saa kumi na mbili jioni, na akikwambia mkutane Bellecour, uwanja ule ni mkubwa mno, wenyeji hukutana chini ya mkia wa farasi wa sanamu ya mfalme Louis XIV. Kasimame hapo.