Mikwaruzo kwenye taa za gari

Swali: Vifuniko vya taa za mbele za gari langu vimejaa mikwaruzo na ukungu. Jirani ananishauri nivisugue kwa dawa ya meno. Je, inafaa?

Jibu: Ndugu msomaji, vifuniko hivyo ni vya polikaboneti, plastiki ngumu ambayo kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na miale ya jua. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda tu, kwa kuwa haiurudishi utando huo. Bandika utepe wa karatasi kuzunguka taa ili rangi ya bodi isiguswe, kisha usugue kwa msasa wa maji, ukianza na namba 800, ukiendelea na 1500 na kumalizia na 2000 au 3000, huku plastiki ikiwa imelowa wakati wote na kila msasa ukifuta alama za ule uliotangulia. Usishtuke taa ikigeuka nyeupe kama maziwa. Dawa ya kung'arisha rangi ya gari itarejesha uangavu wake. Hatua inayorukwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, ni kupaka vanishi angavu yenye kinga ya jua, la sivyo ukungu utarudi upesi. Mkwaruzo unaonasa ukucha huenda usiishe wote, na kifuniko kilichopasuka hakina budi kubadilishwa.