Wasomaji Wauliza: Je, Tunahitaji Kikundi cha Kunyonyesha Katika Ploti Yetu?

Bi Mkunga, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Umoja, Nairobi, na nilijifungua mtoto wangu wa kwanza wiki saba zilizopita. Dada yangu anayeishi Atlanta, Marekani, alijifungua mwaka jana, na kila juma alikuwa akikutana na akina mama Weusi wenzake, pamoja na wengine wenye asili ya Amerika ya Kusini, wakinyonyesha pamoja, wakifundishana na hata kupikiana. Mimi niko peke yangu kutwa. Mama mkwe amekuja kutoka Murang'a, na kwa siku nne sasa ananisihi nimpe mtoto maji na uji mwepesi kwa sababu analia sana jioni na matiti yangu yamelainika, jambo analosema ni ishara kwamba maziwa yamekwisha. Likizo yangu inakwisha baada ya wiki tano, nami ni karani katika ghala moja karibu na Barabara ya Mombasa. Je, vikundi kama cha dada yangu vina maana huku kwetu ambako karibu sote ni Weusi? Na nikirudi kazini nitafanyaje?
Mama Kifungua Mimba, Umoja

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Nitaanza na mtoto anayelia, kwa maana huyo hawezi kungoja kikundi kiundwe.

Matiti kulainika katika umri huu wa mtoto ni jambo la kawaida. Siku za mwanzo hujaa na kukaza kwa sababu mwili bado haujajua mtoto anahitaji kiasi gani. Baadaye huzoea, na kuanzia hapo hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Vichanga wengi wa wiki sita au saba hulia zaidi jioni na kutaka ziwa kila baada ya muda mfupi, na mama aliyechoka huona kwamba hana kitu. Usiupime wingi wa maziwa kwa kilio wala kwa ugumu wa titi. Pima kwa nepi na kwa mizani: mtoto akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito katika kijitabu chako cha kliniki ukiwa unapanda, maziwa yanatosha. Nepi zikipungua, au mtoto akiwa na homa, au akilegea na kukataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maji na uji ndivyo vinavyoweza kukuletea upungufu unaouogopa. Tumbo la mtoto likijazwa uji, hanyonyi, asiponyonya, titi halipati habari kwamba linahitajika, na baada ya siku chache maziwa hupungua kwa kweli, ndipo kila mtu husema, "Tulikuambia." Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, tena maji safi kuliko yale tunayoyanunua kwa mtungi mgao unapokatika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe ziwa la mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 na zaidi.

Lakini nakuomba usimgombeze mama mkwe. Ametoka Murang'a akaacha shamba lake ili akusaidie, na analosema ndilo aliloambiwa na waliomtangulia. Nenda naye kliniki siku ya mizani, umwache amsikie muuguzi mwenyewe na kuuona mstari ukipanda. Kisha mwombe akupikie ule uji wa wimbi na njahi, maana mwenye kuhitaji kulishwa ni wewe. Nimeona akina mama wakwe wengi wakigeuka walinzi wakali wa ziwa la mjukuu mara tu walipopewa kazi ya kufanya badala ya kupewa lawama.

Sasa nije kwa dada yako. Vikundi vya Marekani vina historia nzito. Wakati wa utumwa, wanawake Weusi walilazimishwa kuwanyonyesha watoto wa mabwana huku watoto wao wenyewe wakikosa ziwa, na jeraha hilo lilirithiwa na vizazi kadhaa. Hata leo watoto Weusi wa Marekani hunyonyeshwa kwa kiwango cha chini kuliko watoto Wazungu, na sababu mojawapo ni kazi: sheria ya nchi nzima ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi anayetimiza masharti wiki 12 za likizo bila malipo, na asiye na akiba hawezi kukaa nyumbani bila mshahara. Wanawake wenyewe ndio walioinuka. Mwaka 2013 walianzisha wiki maalumu ya kunyonyesha kwa familia za Weusi, inayoadhimishwa kuanzia tarehe 25 hadi 31 Agosti, baada ya ile ya dunia nzima inayoanza tarehe 1. Walitaka mama ahudumiwe na mtu anayeijua lugha yake, chakula chake na hofu zake, ambaye hahitaji kuelezwa mambo mara mbili.

Huku kwetu hakuna aliyetunyang'anya desturi hiyo kwa nguvu namna ile, ila maisha ya jiji yameimega kidogo kidogo. Bibi yako alipojifungua, nyumba ilijaa wanawake. Wewe umejifungua katika chumba cha ghorofa ya tatu, na jirani yako humjui hata jina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, hapa Nairobi, ulionyesha kwamba takriban watoto 2 tu kati ya 100 walinyonyeshwa ziwa pekee hadi miezi 6, na akina mama hao wote walikuwa Weusi, wakiishi miongoni mwa Weusi. Kwa hiyo kufanana rangi hakukutosha. Mambo yamebadilika tangu hapo, kwani kwa Kenya nzima kiwango cha watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa ziwa pekee kilipanda kutoka asilimia 32 katika uchunguzi wa 2008 na 2009 hadi 61 mwaka 2014. Lakini uchunguzi wa 2022 ulikikuta kwenye 60, yaani tumesimama palepale. Mimi naamini kinachokosekana sasa ni watu wa karibu, kwa sababu mafundisho akina mama wanayapata kliniki.

Nitakueleza nilichokiona. Baada ya kustaafu nilikuwa nikimtembelea mpwa wangu Kayole kila Jumamosi, naye alikuwa na mazoea ya kuketi na jirani zake wawili kwenye mkeka, chini ya ngazi ya ploti. Siku moja wakamleta msichana ambaye chuchu zake zilikuwa zimepasuka hata akawa anauma leso kila mtoto anaposhika ziwa. Nilitaka kuinuka, kisha nikajizuia. Mama mmoja muuza sukuma wiki aliketi nyuma yake, akamwekea mto mgongoni, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mamaye, akangoja mpaka kinywa kikafunguka kama cha anayepiga miayo, ndipo akamsogeza titini kwa haraka, kidevu kikagusa ziwa na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikaingia kinywani. Msichana akafumba macho akingojea maumivu. Hayakuja. Akaitoa leso kinywani na kulia, na mpwa wangu akachukua ndoo ya nepi zake akaenda kuzifua bila kuulizwa.

Kikundi chako kinaweza kuanza hivyo, na wanawake watatu na mkeka. Muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu; yeye anazijua nyumba zote zenye vichanga, na ataweza kuwaunganisha na kituo cha afya linapotokea jambo lililo juu ya uwezo wenu, kama vile titi lenye uvimbe na homa. Kutaneni siku moja maalumu kila juma, na kabla ya kuagana kila mmoja aseme anahitaji nini: wa kumchotea maji, wa kumshikia mtoto alale saa moja. Mtu yeyote akija na maziwa ya kopo ya kugawa bure, mkataeni, kwani sheria ya mwaka 2012 imekataza matangazo na sampuli za aina hiyo. Wala msimbeze mama ambaye kwa sababu za kiafya hanyonyeshi. Naye ana nafasi mkekani.

Kuna jambo moja la kuangalia. Zamani mtoto aliyelia aliweza kupewa ziwa la jirani, na kwa Waislamu wa pwani na wa Eastleigh watoto hao huwa ndugu wa kunyonya wasioweza kuoana. Leo usifanye hivyo kwa mazoea tu, kwa sababu virusi vya UKIMWI huweza kupita katika maziwa. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri hushauriwa na kliniki kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe, lakini kubadilishana maziwa ni jambo jingine. Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, na huko watoaji hupimwa na maziwa kutiwa joto la kuua vijidudu kabla ya kupewa watoto wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati.

Kuhusu kazi, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, pasipokuwa chooni, na akupe muda wa kufanya hivyo usiozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, bila kukatwa mshahara. Mwandikie msimamizi wako barua sasa, kabla ya likizo kwisha. Namjua mama aliyenyamaza akaishia kukamulia maziwa chooni, akiyamwaga kila siku, hadi mwezi wa pili yakakauka. Anza mazoezi leo: nawa mikono, weka kidole gumba juu ya weusi wa titi na vidole vingine chini, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bila kuburuza ngozi. Maziwa yakikaa kwenye ubaridi wa friji hudumu siku 4, na nje ya friji yasizidi saa 4. Yaya ampe mtoto kwa kikombe kidogo kilichooshwa kwa maji moto, polepole, mtoto akiwa ameketishwa wima.

Bi Mkunga, mke wangu amejifungua juzi. Mimi ni baba, ziwa sina. Kazi yangu hapa ni ipi?
Baba wa Kariobangi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa wiki 2 za likizo yenye malipo, baba, nami nakuomba uzitumie nyumbani. Mtoto akiamka usiku, amka wewe kwanza: mbadilishe nepi, mletee mama glasi ya maji, kisha mkabidhi mtoto amnyonyeshe. Akimaliza, mchukue umweke begani umcheulishe, mama arudi kulala. Wageni wakifika na ushauri wa uji, wajibu wewe mlangoni, kwa heshima, usimwachie yeye. Na mtakapopanda matatu naye akahitaji kunyonyesha, keti upande wa njia, yeye akae dirishani.