Je, Queen ni bendi ya roki progresivu?

Swali: Naendesha kipindi cha muziki redioni, saa moja kila wiki, na kila wiki nachukua mtindo mmoja wa roki. Wiki ya roki progresivu nimepanga kufungua na Queen kwa sababu ya "Bohemian Rhapsody". Mwenzangu wa studio anasema Queen ni roki ya kawaida tu, na nikiipiga humo nitaonekana sijui ninachokisema. Nani yuko sahihi? Na jambo hili linapimwaje, tusiishie kubishana?

Jibu: Kuhusu bendi, mwenzako yuko sahihi. Kuhusu baadhi ya nyimbo, wewe ndiye uliye sahihi, ila huo uliouchagua si ushahidi wako wenye nguvu zaidi. Queen ni bendi ya roki nzito iliyopenda sana pop. Kati ya 1973 na 1976 ilijenga nyimbo kadhaa kwa mbinu za progu (ndiyo roki progresivu kwa kifupi), kisha ikaziweka kando, ikazirudia kwa kishindo mwaka 1991. Ukiichukua bendi nzima kwa mkupuo na kuuliza "ni progu au siyo?", kila upande utapata nyimbo za kuutetea na ubishi hautakwisha. Pima wimbo mmoja mmoja, halafu upande mzima wa santuri, halafu albamu.

Kwanza weka kipimo chenyewe. Chukua kazi ambazo hakuna anayezibishia: albamu ya kwanza ya King Crimson (1969), "Close to the Edge" ya Yes na "Supper's Ready" ya Genesis (zote 1972), "Tarkus" ya Emerson, Lake & Palmer (1971), na "Thick as a Brick" ya Jethro Tull (1972), ambayo ni wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Zisikilize ukiwa na kalamu mkononi. Utakuta zinafanana katika mambo haya: hazijengwi kwa ubeti na kiitikio bali kwa sehemu zinazofuatana; melodi iliyosikika mwanzoni hurudi baadaye ikiwa imevaa sura nyingine; mapigo huhesabika kwa tano, saba au tisa na kubadilika katikati ya wimbo; ala hupewa dakika nyingi peke yake, na kinanda hubeba mzigo sawa na gitaa.

La kurudi kwa melodi ndilo naliona zito kuliko mengine, na ndilo watu hulisahau. "Supper's Ready" inakaribia dakika 23 na ina sehemu saba, lakini mwishoni melodi za sehemu za mwanzo zinarudi, zikipigwa kwa nguvu nyingine kabisa. Ndiyo maana dakika 23 zile zinasikika kama kazi moja. Ukizikata sehemu zake ukazitawanya, wimbo umekufa.

Sasa makosa ya upimaji. La kwanza ni urefu. Wimbo wa rumba wa Franco na TPOK Jazz unaweza kuvuka dakika 10 bila taabu, na taarabu hivyohivyo, wala hakuna atakayesema hiyo ni progu. Urefu wa rumba unatoka kwenye sebene, ambamo gitaa huzunguka palepale na kunogesha. Urefu wa progu unatoka kwenye kuhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Kosa la pili ni kusikia mapigo magumu mahali ambapo hayapo. Jizoeze na "Money" ya Pink Floyd (1973). Hesabu 1 hadi 7 kwa sauti kuanzia msitari wa besi: namba 1 itaangukia mahali palepale kila mzunguko. Likiingia solo la gitaa, hesabu ya saba itakukataa, kwa sababu hapo bendi imehamia nne. Sikio likishazoea hilo, nenda "Kashmir" ya Led Zeppelin (1975). Ngoma zinapiga kwa nne, gitaa linazunguka kwa tatu, na vyote hukutana kila baada ya mapigo 12. Ni ufundi mkubwa, lakini msitari ule unajirudia tu katika sehemu kubwa ya wimbo wa zaidi ya dakika nane. Mapigo ya ajabu peke yake hayatoshi.

Turudi kwenye wimbo wako. "Bohemian Rhapsody" ilitoka Oktoba 1975 ikiwa na dakika 5 na sekunde 55. Ipasue hivi: utangulizi wa sauti zilizopandanishwa mpaka sekunde ya 49 hivi, balladi ya piano mpaka kama 2:37, solo la gitaa la nusu dakika, sehemu ya opera kuanzia 3:05 mpaka 4:07 hivi, roki nzito mpaka kama 4:54, kisha mtulio wa mwisho. Kiitikio hakuna. Ufunguo, yaani noti ambayo melodi hukaa juu yake kama nyumbani, unahama: utangulizi na balladi viko kwenye B flati, opera inaanzia A, na roki nzito iko kwenye E flati. Kwa muundo, hiyo ni progu bila ubishi. Hata msitari unaofunga utangulizi ndio huohuo unaofunga wimbo mzima.

Lakini endelea kupima. Mapigo ni manne karibu kote. Ile sehemu ya roki nzito, ambayo wengi huisikia kama "mapigo ya ajabu", ni 12/8: mapigo manne, kila moja limegawanywa mara tatu. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani hayumbi hapo hata kidogo. Muda wa ala peke yake hauzidi sana dakika moja ukijumlisha vipande vyote, na solo lenyewe limebana kama solo la singo yoyote ya pop. Sehemu zimeshikana vizuri kwa mpangilio wa hisia, ila melodi ya balladi haikuzwi ndani ya opera, wala ya opera haikuzwi ndani ya roki. Zimepangwa moja baada ya nyingine. Hukumu yangu: muundo wa progu, mwili wa pop. Na wimbo huu ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa kwa sababu ya huo mwili.

Kuna pia ushahidi wa jukwaani, na huu mwenzako anaweza kuutumia dhidi yako, kwa hiyo ujue mapema. Sehemu ya opera ilijengwa studio kwa kurekodi sauti juu ya sauti kwenye tepu ya treki 24. Waimbaji walikuwa watatu tu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, na kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker. Jukwaani haikuwezekana. Bendi ilitoka, tepu ikapigwa, nao wakarudi sehemu ya roki inapolipuka. Genesis na Yes walizipiga kazi zao za dakika 20 mbele ya watu tangu mwanzo hadi mwisho. Binafsi siiti hiyo dosari, maana studio nayo ni ala, lakini ndiyo tofauti ya mila mbili: progu hutunga kwa ajili ya kikundi cha wapigaji, Queen walitunga kwa ajili ya tepu.

Ushahidi wako wa kweli uko kwenye albamu ya pili, *Queen II*, ya Machi 1974. Santuri ile haina upande A na B. Ina upande Mweupe na upande Mweusi. Mweusi wote umetungwa na Mercury, una nyimbo sita, unafika dakika 20 na ushei, na nyimbo zake kadhaa zinaingiana bila kimya kati yake. "Ogre Battle" inamwagikia "The Fairy Feller's Master-Stroke", ambayo imetokana na mchoro wa Richard Dadd ulioko kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Huo nao unaingia "Nevermore". Kisha inakuja "The March of the Black Queen", dakika 6 na nusu, yenye sehemu nyingi kuliko ambavyo msikilizaji wa mara ya kwanza anaweza kuzifuata, na mahali ambapo hesabu ya nane na hesabu ya 12 zinakwenda kwa pamoja. Mambo ya Rhye, nchi ya kubuni ya Mercury, yalishaanza kwenye albamu ya kwanza (1973) na yanafunga upande huu.

Hapa mtu wa progu anayeikataa Queen hana pa kutokea, isipokuwa mahali pamoja: hakuna melodi moja inayoushika upande wote. Ni nyimbo sita zilizoshonwa mishono mizuri. Mimi naupitisha.

Baada ya huo weka "The Prophet's Song" ya Brian May, kutoka *A Night at the Opera* (1975). Ina dakika 8 na sekunde 20 hivi na katikati kuna kipande kirefu cha sauti ya Mercury peke yake, ikirudishwa na mwangwi wa tepu kiasi kwamba anaimba juu ya alichokiimba muda mfupi uliopita, sauti zikifukuzana kama kwenye kanoni za kanisani. Tofauti na opera, hii waliipiga jukwaani, kwa mashine ya mwangwi. Nashangaa kila mara kwamba albamu hiyohiyo imetoa wimbo maarufu na huu, na watu wanabishana kuhusu ule mwingine.

Halafu "Innuendo" ya 1991, dakika 6 na nusu. Katikati linaingia gitaa la mtindo wa flamenko, na mmoja wa wanaolipiga ni Steve Howe, mpiga gitaa wa Yes mwenyewe. Melodi yake inarudishwa na gitaa la umeme, bendi nzima nyuma yake. Yaani kile kipimo cha melodi kurudi ikiwa na sura nyingine, wanakipita hapa waziwazi kuliko mwaka 1975.

Mwenzako huenda akaleta hoja ya sinthesaiza, kwamba albamu za Queen za miaka ya 1970 zilijivunia kuandikwa kuwa hakuna aliyepiga sinthesaiza, ilhali progu ni vinanda vya umeme kama Mellotron na Moog. Ukweli wa maandishi upo, na chombo hicho hakikuingia mpaka *The Game* (1980). Lakini sababu ilikuwa kwamba gitaa la May, lile alilolitengeneza na baba yake na analolipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya pleki, lilirekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka wasikilizaji wakadhani ni mashine. Kazi inayofanywa na kinanda kwenye progu, kwa Queen ilifanywa na gitaa na kwaya ya watu watatu. Hoja hiyo haina uzito.

Hoja yenye uzito ni ya baada ya 1976. "We Will Rock You" ya 1977 ni miguu, makofi na sauti, gitaa likingoja mpaka mwisho. "Another One Bites the Dust" ya 1980 ni besi ya John Deacon juu ya mdundo wa disko. Nyimbo nzuri zote, na hazina uhusiano wowote na progu. Kwa kuwa watu wengi wameijua Queen kupitia mkusanyo wa *Greatest Hits* (1981), ambao haukubeba "The March of the Black Queen" wala "The Prophet's Song", bendi wanayoijua siyo progu hata chembe. Hawajakosea, wamesikia upande mmoja.

Na ukishataja Queen redioni, kuna atakayepiga simu kusema opera ile ilitoka Zanzibar. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, akasoma piano akiwa shule India, akahamia Uingereza na familia yake mwaka 1964. Hayo ni ya kweli. Ila kwenye muundo wa nyimbo hizi sisikii taarabu; nasikia kumbi za muziki za Uingereza, opera ya Ulaya na roki ya London ya wakati ule.

Sasa kipindi chako. Usifungue na Queen. Fungua na "Close to the Edge", karibu dakika 19, ili msikilizaji apate kipimo. Fuatisha upande Mweusi wote, 20 na ushei, kwa mpangilio wake. Kisha "The Prophet's Song", kisha "Innuendo". Jumla ni kama dakika 54, unabaki na sita za kuzungumza. "Bohemian Rhapsody" ikiingia, zile dakika sita zimekwisha na huwezi kueleza kitu. Kila mtu anayo kichwani, itaje tu.

Kabla ya kwenda hewani, zima kwenye programu ya kompyuta mpangilio unaochanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, na hakikisha haiweki kimya kati ya faili. Ukiacha sekunde mbili za kimya kati ya "Ogre Battle" na unaofuata, mshono unakatika na msikilizaji atadhani mitambo imekwama. "The March of the Black Queen" nayo usiipige peke yake: mwisho wake ni mwanzo wa "Funny How Love Is", ukiikata hapo inasikika kama umeme umekatika. Vivyo hivyo "The Prophet's Song" inamalizikia ndani ya "Love of My Life", kwa hiyo shusha sauti taratibu kuanzia sekunde 20 hivi kabla ya faili kwisha.

Faili za upande Mweusi zichukue zote kutoka toleo moja la albamu. Ukichanganya matoleo, kiwango cha sauti kinaruka katikati ya mshono, na kosa hilo atalisikia hata asiyejua progu ni nini.