Vitafunwa vya Sherehe Bila Kuwasha Jiko

SWALI: Namfanyia binti yangu mahafali nyumbani, wageni 30. Vipande vya matango vyenye rojo la korosho huwa vinachuruzika maji kabla havijaliwa. Nakosea wapi? – Mama, Ligula, Mtwara

JIBU: Hongera kwa binti, mama. Tatizo ni chumvi: inavuta maji ya tango. Yavute mapema. Kata matango makubwa 5 kwa unene wa sentimita 1 (membamba hulegea), nyunyiza chumvi kidogo, acha dakika 15 kwenye chujio, kisha kausha kwa kitambaa safi, kipande kimoja kimoja. Hapo usiwe na haraka.

Rojo: loweka gramu 250 za korosho nyeupe zilizobanguliwa, zisizokaangwa, kwa saa 4 ndani ya friji. Mwaga maji, saga na ndimu 2, punje ya kitunguu saumu, chumvi na maji ya kunywa robo kikombe, ukiyaongeza kidogo kidogo. Likiwa sawa, kijiko kikigeuzwa halidondoki. Likiwa jepesi, ongeza korosho, usiongeze chumvi. Paka wageni wakishaanza kuingia.

Ongeza tende 60: pasua ubavuni, toa kokwa, chomeka korosho ya kukaanga. Hizi andaa hata jana yake. Jumla ni kama vipande 150, vitano kwa kila mgeni, vinatosha kabla ya pilau.

Kwa joto la Mtwara, toa sahani moja moja. Rojo lisikae nje ya friji zaidi ya saa 1.