Kabla ya kumtwika punda, mpapase mgongo

Nyumbani kwetu Kondoa, ng'ombe akiugua baba alitafuta dawa usiku huohuo. Mbuzi akichechemea, aliangaliwa kabla ya kwenda malishoni. Punda akiugua, tulisubiri apone mwenyewe. Nadhani ni kwa sababu ng'ombe na mbuzi tunawala na kuwauza, lakini kazi ya punda haina bei sokoni, na kisicho na bei tunakizoea upesi.

Tulikuwa na punda jike mmoja wa kuchotea maji. Manyoya yalipoanza kunyonyoka mgongoni tuliona, tukaendelea kumtwika madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80, juu ya mnyama ambaye mwenyewe hafiki kilo 150. Asubuhi moja akagoma kuinuka. Tulipofunua gunia, kidonda kilikuwa kimechimba hadi karibu na mfupa.

Akakaa wiki sita bila kubeba kitu. Wiki hizo mama na dada yangu walibeba maji kichwani, dumu mojamoja, na dada akawa anafika shule kipindi cha pili. Mama alianza kulalamika shingo. Chakula cha jioni kikawa kinaiva usiku. Yote hayo kwa sababu ya kipande cha ngozi kisichozidi kiganja.

Afisa mifugo alituambia dawa ya kwanza ya kidonda cha mgongoni ni mapumziko: usimtwike mpaka ngozi izibe kabisa. Tulimsafisha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kumfukuzia nzi. Kisha akatufundisha kushona tandiko, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tengeneza mito miwili minene, mmoja kila upande, ukiacha uwazi katikati ili mzigo usiguse uti wa mgongo. Kinachogusa ngozi kiwe blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba, kamwe kisiwe kiroba cha plastiki, maana kinakwangua na kuhifadhi jasho. Mkanda wa tumboni uwe mpana. Kamba nyembamba inakata kama kisu. Madumu mawili yanatosha. Ukitaka zaidi, tafuta mkokoteni.

Kila asubuhi na kila jioni, mpapase mgongo kwa kiganja. Punda huficha maumivu, kwa hiyo usingoje alie. Akijikunja au ngozi ikitetemeka ulipomgusa, siku hiyo asibebe. Akiacha kula, usimpe hata siku moja ya kusubiri. Kwa punda hiyo ni hatari. Na mnyweshe yeye kwanza kisimani, kabla hujajaza madumu.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe linakwambia: punda hushikwa na ugonjwa huu kwa urahisi mno, na kidonda kidogo cha kwato kinatosha kuuingiza.

Dalali akija kukutajia bei nzuri, fikiria mara mbili. Miaka kadhaa nyuma machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya na Tanzania, ngozi zikasafirishwa kwenda China kuchemshwa kuwa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuusitisha barani kote kwa miaka 15. Niliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. Punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mmoja tu. Wakiisha kijijini, kuwarudisha ni kazi ya miaka mingi.

Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi siukubali msemo huo. Wetu alipopona alirudi njia ileile ya kisimani, na mama hakumfunga tena gunia bila kwanza kumpitishia mkono mgongoni.