Usikimbilie foili nyembamba kuliko zote

Wiki yangu ya kwanza kwenye maabara ya leza, ambako tunapiga foili, yaani karatasi nyembamba ya metali, kwa mpigo wa leza ili itoe protoni, nilichagua foili ya alumini yenye unene wa mikromita 2. Hesabu zilinipa moyo: foili ikiwa nyembamba, elektroni hazitawanyiki sana njiani, na protoni hutoka na nishati kubwa zaidi. Nilikaa nayo nusu saa, kibano mkononi, pumzi nimeibana, kwa sababu foili ya namna hiyo ukiipumulia tu inajikunja. Tukaondoa hewa kwenye chemba, tukafyatua. Filamu tulizopanga nyuma ya foili, ambazo hugeuka buluu zikipigwa na protoni, zilitoka vilevile zilivyoingia.

Kilichoniangusha ni kutoijua leza yenyewe. Kabla ya mpigo mkuu hutangulia mwanga hafifu, kwa nanosekunde kadhaa. Lakini huo uhafifu usikudanganye. Mpigo mkuu ukiwa wati 10²⁰ kwa sentimita ya mraba, mwanga ulio dhaifu mara milioni moja bado ni wati 10¹⁴, na hiyo inatosha kabisa kugeuza uso wa metali kuwa plazma, yaani gesi ya moto ambayo elektroni zimeng'oka kwenye atomi zake. Mshtuko wake hupenya foili, na mgongo wa foili, yaani upande usiopigwa na leza, huvimba kabla mpigo wenyewe haujafika.

Na kazi yote iko mgongoni. Elektroni zilizosukumwa na leza huchomoza upande wa nyuma na kujenga uga wa umeme wa takriban volti trilioni moja kwa kila mita. Uga huo ndio unaong'oa protoni. Mgongo ukishavimba, uga unalegea. Tulipoweka foili ya mikromita 25, doa la buluu likaonekana, dogo lakini wazi. Niliishika filamu ile muda mrefu.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, omba kwanza vipimo vya huo mwanga unaotangulia, vya wiki hiyo hiyo, si vya mwaka juzi. Anza na foili nene, kisha shuka hatua kwa hatua, na kila unene uupige zaidi ya mara moja. Kama mwanga huo ni mkali mno, uliza kuhusu kioo cha plazma: mwanga hafifu hukipita, mpigo mkuu ukifika kinageuka plazma na kuuakisi. Utapoteza sehemu ya nishati, ila mgongo wa foili utabaki imara.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba protoni nyingi hazitoki kwenye alumini. Hutoka kwenye utando wa maji na mafuta ulioganda juu ya foili. Ukiichemsha foili kuitakasa, unazifukuza.

Mwaka 2000, kwenye maabara ya Livermore, Marekani, walipata protoni zenye nishati ya elektronivolti milioni 58. Mwaka 2024 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walitangaza milioni 150. Kutibu kwa protoni uvimbe wa saratani ulio ndani sana mwilini kunahitaji zaidi ya milioni 200, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Halafu, tafadhali, kata kona moja ya kila filamu na uiandike namba kabla ya kuzipanga. Zikishatoka chembani zote hufanana.